Mshale wa Pili: Uhakiki wa Istilahi za Maumivu na Ustahimilivu katika Kutafsiri Mafundisho ya Kibudha

1. Utangulizi

Ni jambo linalofahamika kwa kila mfasiri kwamba istilahi za dini huwa ngumu kuliko istilahi za mashine. Mashine huja na umbo lake. Mtu huiona na kuigusa, na jina lake likikosewa, kifaa chenyewe humsahihisha msemaji. Dhana ya dini haina umbo la kumsahihisha mtu. Neno likikosewa, dhana hugeuka, na msomaji huondoka akiamini kwamba ameelewa.

Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno manne yanayotumiwa mara kwa mara katika Kiswahili kueleza sehemu moja ya mafundisho ya Kibudha, yaani uhusiano baina ya taamuli na uwezo wa moyo wa binadamu kustahimili maumivu. Maneno hayo ni mateso, kuvumilia, kutafakari na nafsi. Kila moja ni neno zuri lenye haki yake katika lugha. Hata hivyo, dai letu ni kwamba yakiwekwa pamoja katika tafsiri hutoa fundisho ambalo Wabudha hawakulifundisha, na ambalo likifika wodini laweza kumdhuru mgonjwa.

Huenda msomaji akauliza mambo haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, Ubudha si mgeni wa jana katika Afrika ya Mashariki. Hekalu la Wabudha lililoko Dar es Salaam liliasisiwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Wasinhala waliotoka Ceylon, nchi ambayo sasa ni Sri Lanka. Na mwaka 2005 kilianzishwa kituo cha Kibudha nchini Uganda, karibu na Entebbe, chini ya mtawa ambaye ni Mganda. Watu wanaotaka kuyasoma mafundisho haya kwa Kiswahili wapo. Pili, na hili ndilo zito zaidi, mazoezi ya taamuli yameingia katika tiba ya maumivu sugu duniani, na maelezo yake yanafika kwetu katika vijitabu vya afya, katika mihadhara na katika mitaala ya wauguzi. Anayeyafasiri mara nyingi si mwanachuoni wa dini, bali ni mwalimu au mtumishi wa serikali aliyepewa kazi hiyo kwa sababu anajua Kiingereza.

2. Fundisho lenyewe

Kabla ya kuhakiki maneno hatuna budi kulieleza jambo lenyewe. Katika mkusanyo uitwao Samyutta Nikaya, ambao ni sehemu ya maandiko ya Kipali, imo hotuba fupi ijulikanayo kama Hotuba ya Mshale. Maana yake ni hii. Mtu asiyefundishwa akiguswa na hisi ya maumivu huhuzunika, hulalama na kuchanganyikiwa; kwa hiyo hupata hisi mbili, moja ya mwili na nyingine ya moyo. Mfano wake ni mtu aliyechomwa mshale mmoja, kisha akachomwa wa pili. Mtu aliyefundishwa akiguswa na maumivu yale yale hapati ila hisi moja, ile ya mwili. Mshale wa kwanza umemchoma, wa pili haukumfikia.

Inafaa kuzingatia kile ambacho hotuba hii haisemi. Haisemi kwamba mshale wa kwanza hauumi, wala kwamba mtu mwema hasikii maumivu. Maandiko hayo hayo yanasimulia kwamba Budha mwenyewe alijeruhiwa mguu kwa kipande cha jiwe akapata maumivu makali. Kwamba uzeeni mgongo wake ulimwuma, hata siku moja akamwachia mwanafunzi wake Ananda aendeleze mafundisho ili yeye ajinyooshe. Na kwamba katika miezi yake ya mwisho alishikwa na ugonjwa wenye maumivu mazito. Katika habari hizi anasifiwa kwa kuwa moyo wake haukuvurugika. Hakuna mahali anaposifiwa kwa kutoumwa.

Vilevile haisemi kwamba maumivu yatafutwe. Kabla ya kupata mwangaza, Siddhartha Gautama aliifuata njia ya kuutesa mwili kwa njaa, akaiacha kwa kuona kwamba haina faida, akafundisha njia ya kati. Wala haisemi kwamba dawa ikataliwe. Dawa ni moja ya mahitaji manne anayoruhusiwa mtawa, pamoja na vazi, chakula na makazi, na kitabu cha kanuni za utawa kina sura nzima juu ya dawa. Katika kitabu hicho hicho imo habari ya mtawa aliyekuwa mgonjwa wa kuhara, amelala katika uchafu wake bila mtu wa kumwangalia. Budha alimwosha kwa mikono yake akisaidiwa na Ananda, kisha akawaagiza watawa wauguzane.

Fundisho zima, basi, limesimama juu ya tofauti ya mambo mawili: maumivu yanayoupata mwili, na kile ambacho moyo huongeza juu yake. Lugha lengwa isipoyatenga mambo hayo kwa maneno, fundisho halipo tena.

3. Neno mateso

Neno la Kipali dukkha hufasiriwa kwa Kiswahili mara nyingi kuwa mateso, na mtu husoma kwamba "maisha ni mateso". Tafsiri hii ina kasoro tatu.

Kasoro ya kwanza ni ya kisarufi. Mateso ni nomino iliyotokana na kitenzi tesa, nacho ni kitenzi elekezi. Penye kutesa pana mtesi na mteswa. Mswahili akiambiwa kwamba maisha ni mateso, swali linalomjia ni: nani anayetesa? Fundisho la Kibudha halina mtesi wa namna hiyo. Linasema kwamba dhiki hutokana na sababu, na kwamba iliyo kubwa miongoni mwa sababu hizo ni tamaa ya mtu mwenyewe. Neno limeleta katika habari mhusika ambaye hakuwamo.

Kasoro ya pili ni mzigo ambao neno limekwisha kubebeshwa. Wakristo huzungumza juu ya mateso ya Yesu, na hapo neno lina maana ya maumivu yanayookoa, yaliyopokelewa kwa ajili ya wengine. Wanasheria nao hulitumia kwa ukatili unaotendwa kwa makusudi dhidi ya mtu, ule uliopigwa marufuku na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1984. Maana zote mbili zimekita, na zote mbili zina mtendaji. Si busara kuongeza ya tatu isiyo na mtendaji.

Kasoro ya tatu ni kwamba neno hili linaifunika ile tofauti ya mishale miwili. Mtu mwenye saratani ya mifupa husemwa kuwa yumo katika mateso. Na mtu aliyefilisika, asiye na kidonda chochote mwilini, husemwa vivyo hivyo. Neno linalokaa kwa raha pande zote mbili haliwezi kutumika kuzitenga.

Wapo watakaopendekeza kutohoa. Katika istilahi nyingine tungekubali, lakini hapa sikio litapinga. Dukkha likitoholewa kwa sauti zetu litakuwa dukha, na kwa wasemaji wengi litaishia kuwa duka. Kusema kwamba ukweli wa kwanza wa Budha ni duka kutawachekesha wanafunzi kabla hawajafundishwa lolote. Aidha, mtu asishawishike na neno dukuduku kwa kuwa linafanana kwa sauti na linahusu fundo la moyoni. Kufanana huko ni kwa bahati tu.

Twapendekeza neno dhiki kwa dhana pana ya dukkha. Dhiki haina mtesi. Mtu huwa katika dhiki, hupatwa na dhiki, hutoka katika dhiki. Asili yake katika Kiarabu ni wembamba na kubanwa, na hisia hiyo bado imo tunaposema kwamba mtu ana dhiki ya nafasi. Kwa kuwa mafundisho yanataja dhiki ya maumivu, dhiki ya mambo kubadilika, na dhiki iliyomo katika kila kitu kilichoundwa, neno lenye upana linahitajika, na hili linao.

Kwa mshale wa kwanza neno tunalo tayari, nalo ni maumivu. Inafaa hapa kuitazama sarufi yetu kwa makini. Mswahili husema "kichwa kinaniuma". Kiungo ndicho kiima. Mwenye kuumwa ni kiambishi kidogo tu katikati ya kitenzi, na kiambishi hicho chaweza kuondolewa, tukasema "kichwa kinauma", na sentensi isipungukiwe. Maelekezo ya taamuli ya Kibudha humtaka mtu aitazame hisi kama hisi, isiwe "mimi" wala "yangu". Katika lugha ambamo mtu husema kwamba yeye ana maumivu, maelekezo haya huhitaji maelezo marefu. Kiswahili kinayo sentensi iliyo tayari, na mfasiri anayeandika "mimi nina maumivu" kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno ameacha nyumbani chombo alichokuwa anakitafuta sokoni.

Kwa mshale wa pili twapendekeza uchungu wa moyo. Neno uchungu peke yake halitoshi, kwani mama mzazi naye hushikwa na uchungu, na huo ni wa mwili hasa. Lakini likiongezewa "wa moyo" halina utata.

4. Neno kuvumilia

Hili ndilo neno tunaloliogopa zaidi, kwa sababu ndilo linalopendwa zaidi. Neno la Kipali khanti, na maelezo mengi ya tabibu juu ya kuyapokea maumivu, hufasiriwa kwa kuvumilia, uvumilivu au subira. Ni sifa tukufu katika utamaduni wetu. Mvumilivu hula mbivu. Subira huvuta heri. Lakini methali hizi zinasema nini? Zinasema kwamba mwisho wa kungoja kuna malipo. Anayevumilia huielekeza nia yake mbele, kwenye embe litakaloiva. Anayefanya taamuli huagizwa kinyume chake: aielekeze nia kwenye kilichopo sasa, hata kama ni maumivu, bila kungoja kiondoke. Tabibu anayesema "vumilia" amekwisha kumtoa mgonjwa mahali pale ambapo zoezi lilimtaka awepo.

Kuna jambo jingine. Katika jamii zetu nyingi, mfano wa kwanza wa ustahimilivu ambao mvulana huupata ni wa jandoni. Huambiwa ajikaze, uso usikunjike, chozi lisitoke. Mama mzazi naye huambiwa vivyo hivyo kwa namna yake. Kujikaza ni kitendo cha msuli. Mtu hukaza meno, hukaza ngumi, huyazuia maumivu mlangoni. Hatuna nia ya kuidharau mila hii, ambayo ina kazi yake. Twasema tu kwamba si taamuli. Anayefundisha taamuli humwambia mgonjwa alegeze taya, alegeze mabega, aache pumzi iende, ayaangalie maumivu yalipo, yana umbo gani, yanapanda au yanashuka. Kukaza na kulegeza ni vitendo viwili vilivyo kinyume, na neno moja haliwezi kuvibeba vyote.

Mfano unaotajwa sana dunia nzima ni ule wa mtawa Thich Quang Duc, aliyejichoma moto njiani mjini Saigon tarehe 11 Juni 1963, akipinga jinsi Wabudha walivyotendewa na serikali ya Ngo Dinh Diem. Picha iliyopigwa na Malcolm Browne ilienea ulimwenguni, na mwandishi David Halberstam, aliyekuwapo, aliripoti kwamba mtawa yule aliketi bila kutikisika wala kutoa sauti. Kumweleza kwa Kiswahili ni mtihani. Tukisema alijiua, twampinga mtawa mwenzake, Thich Nhat Hanh, ambaye katika barua yake ya mwaka 1965 kwa Martin Luther King alikataa kabisa kwamba kitendo kile kilikuwa kujiua. Tukisema alijitoa mhanga, twakuta kwamba magazeti yetu yamekwisha kulitumia fungu hilo kwa watu wanaojilipua ili kuwaua wengine, jambo lililo mbali na mtu ambaye hakumgusa mwingine yeyote. Twashauri mfasiri aseme wazi tu kwamba alijichoma moto, kisha aeleze kwa nini. Na asikifanye kisa hiki kuwa kipimo cha taamuli. Mgonjwa wa mgongo hakuombwa awe Quang Duc.

Twapendekeza kuwa ustahimilivu litumike kwa khanti, kwa sababu stahimili lina jamaa yake himili, lenye maana ya kubeba, na kubeba mzigo si lazima kuwe kukaza meno. Uvumilivu na subira yaachiwe methali na mawaidha ya dini zinazoyatumia kwa haki. Na kwa ile hali ya moyo usioegemea raha wala maumivu, iitwayo upekkha, utulivu ni neno legevu mno. Mtoto aliyelala naye ametulia. Usawa wa moyo lafaa zaidi.

5. Neno kutafakari

Kutafakari ni kufikiri. Asili yake ni fikra, na matumizi yake makanisani na shuleni ni kulizungusha jambo akilini mpaka maana yake itoke. Mgonjwa akiambiwa "tafakari maumivu yako", atafanya hivyo hasa: atafikiri yametoka wapi, yataisha lini, nani atawalea watoto iwapo hayataisha. Mambo hayo yote ndiyo mshale wa pili. Tafsiri imemkabidhi mgonjwa upinde na kumwambia ajipige.

Neno taamuli ni bora kwa jumla ya mazoezi haya. Kutaamali katika Kiswahili cha zamani si kufikiri tu. Ni kutazama kwa makini, na hilo ndilo zoezi linalotakiwa. Waalimu wa Kibudha hutenga aina mbili: ile ya kuutuliza moyo, samatha, ambayo twaiita taamuli ya utulivu, na ile ya kuona mambo yalivyo, vipassana, ambayo twaiita taamuli ya umaizi.

Liko pia neno sati, ambalo historia yake ni funzo kwa wafasiri. T. W. Rhys Davids, aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kule Ceylon kabla ya kuwa bingwa wa Kipali, alilifasiri kwa Kiingereza mwaka 1881 kwa neno la kawaida lenye maana ya kuwa mwangalifu na kuweka jambo moyoni. Asili ya neno la Kipali ni kukumbuka. Tangu wakati huo neno la Kiingereza limesafiri mbali, hata leo linauziwa watu wa maofisini kama njia ya kupunguza uchovu. Mfasiri wa Kiswahili anayelichukua hilo la leo na kuandika "utulivu wa akili" anafasiri tafsiri ya tafsiri, na Kipali kimekwisha kupotea njiani.

Kiswahili kina kitenzi zingatia. Mzizi wake wabeba maana ya kuzunguka, na silabi -at- iliyomo ni ile tunayoiona katika ambata, fumbata na kumbatia, yenye dokezo la kugusana na kushika. Kulizingatia jambo ni kulizunguka na kulishika lisiponyoke. Humo mna kuangalia na mna kukumbuka. Twaona kwamba uzingativu ni tafsiri ya sati iliyo karibu na asili kuliko ile ya Kiingereza.

6. Moyo, akili na nafsi

Nini kinachostahimili? Kipali hutumia neno citta, ambalo hubeba kwa pamoja kazi ya kujua na kazi ya kuhisi. Wafasiri wanaofuata Kiingereza huandika akili, na wengine huandika nafsi.

Nafsi haifai, na sababu yake si ya ladha bali ya mantiki. Wabudha hufundisha kwamba hakuna nafsi ya kudumu ndani ya mtu. Fundisho hilo, anatta, linahitaji neno la kukanushwa, na neno letu la pekee la kazi hiyo ni nafsi. Mfasiri akiandika ukurasa wa 3 kwamba nafsi hutulia kwa taamuli, na ukurasa wa 10 kwamba hakuna nafsi, amemwacha msomaji gizani. Roho nalo limebeba imani za Kiislamu na za Kikristo juu ya kile kinachobaki baada ya kifo, na kwa hiyo litaleta mabishano yasiyohusika.

Moyo ndilo neno. Mswahili hujua kwa moyo, hukumbuka moyoni, huumia moyo, hupiga moyo konde. Hapa tena Kiswahili kiko karibu na Kipali kuliko zilivyo lugha zilizozigawa kazi hizi kati ya kichwa na kifua. Katika maandishi ya hospitali, ambako moyo ni kiungo kinachosukuma damu, pana hatari ya utata, na hapo akili litumike, kwa kuwa afya ya akili ni istilahi iliyokwisha kukubalika.

7. Ushahidi wa tiba

Isidhaniwe kwamba tofauti hii ya mishale miwili ni ya watawa peke yao. Mwaka 1975 Ronald Melzack, wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, alitoa dodoso la maumivu lenye maneno 78 katika makundi 20. Mengine yaeleza hisi yenyewe, kama kuchoma au kupwita, na mengine yaeleza jinsi inavyomchosha au kumtisha mtu. Mwaka 1979 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilitoa fasili iliyokubali kwamba maumivu ni jambo la hisi na la hisia kwa pamoja, na marekebisho ya mwaka 2020 yaliyabakiza yote mawili. Mwaka huo huo wa 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha kliniki katika shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, akawafundisha wagonjwa mazoezi yaliyotokana na taamuli ya Kibudha bila kuwataka waingie dini. Ripoti yake ya mwaka 1982 ilihusu wagonjwa 51 wa maumivu sugu ambao tiba ya kawaida haikuwa imewatosheleza.

Mwaka 2011 Fadel Zeidan na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la watu 15 wenye afya, waliofundishwa taamuli kwa siku 4, kisha wakaguswa kwa joto lenye kuumiza. Walipofanya taamuli, ukali wa maumivu walioutaja ulipungua kwa asilimia 40, na adha yake kwa asilimia 57. Mwaka huo huo Joshua Grant na wenzake walionyesha kwamba katika ubongo wa wazoefu wa taamuli ya Zen sehemu zinazopokea maumivu zilifanya kazi zaidi, siyo kidogo, huku sehemu za kupima na kuhukumu zikipungua. Yaani walisikia; hawakuongeza. Kusema kweli, mgawanyo si safi kabisa, kwani katika jaribio la kwanza ukali nao ulipungua. Tena idadi ya watu ni ndogo, na joto la maabara si saratani. Lakini yatosha kuonyesha kwamba mfasiri anahitaji maneno mawili pale ambapo daktari anapima vitu viwili.

Vijitabu vyetu humwuliza mgonjwa ayataje maumivu kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Anataja nini? Kama hakuambiwa, mmoja atataja ukali, mwingine atataja adha, na daktari atazilinganisha namba zisizolingana. Twapendekeza ukali wa maumivu kwa nguvu ya hisi, na adha ya maumivu kwa jinsi inavyomsumbua mtu.

8. Mapendekezo

Kwa muhtasari, twapendekeza yafuatayo:

(a) dukkha kwa maana pana: dhiki;
(b) hisi ya maumivu ya mwili: maumivu;
(c) maumivu yanayoongezwa na moyo: uchungu wa moyo;
(d) khanti: ustahimilivu;
(e) upekkha: usawa wa moyo;
(f) bhavana, yaani mazoezi kwa jumla: taamuli;
(g) samatha na vipassana: taamuli ya utulivu, taamuli ya umaizi;
(h) sati: uzingativu;
(i) citta: moyo, na katika maandishi ya tiba, akili;
(j) atta: nafsi, na anatta: kutokuwapo kwa nafsi;
(k) vipimo vya tiba: ukali wa maumivu, adha ya maumivu.

Neno mateso libaki mahali pake, katika sheria na katika Injili.

Inatupasa kumalizia kwa onyo moja kwa wale wanaoandika kwa ajili ya wagonjwa. Sentensi isemayo kwamba "akili ina uwezo wa kuvumilia mateso" ni sahihi kisarufi, na itapita mikononi mwa wahariri wengi bila kuguswa. Lakini muuguzi aliyechoka akiisoma, ataona imempa ruhusa ya kumwambia mtu aliyevunjika mfupa anyamaze. Na mgonjwa akiisoma, ataona haya kuomba dawa. Kwa kauli tunayoipendekeza, sentensi hiyo ingekuwa hivi: "Moyo waweza kuzoezwa usiongeze uchungu juu ya maumivu, na maumivu yenyewe yatibiwe." Ni ndefu zaidi, na ina amri mbili badala ya sifa moja. Watawa walioiweka dawa miongoni mwa mahitaji yao manne wangeitambua kuwa ni yao.

Wafasiri na waalimu wanaombwa kuyajaribu maneno haya katika kazi zao, hasa dhiki na uzingativu, na kuleta mifano ya sentensi ambazo maneno hayo yamekataa kukaa, ili yajadiliwe kabla hayajapendekezwa kusanifishwa.